Kalibu Ileile, Boksi Jipya: Dhana ya Toleo katika Mijadala ya Waunganishaji wa Magari ya Plastiki

Utangulizi

Makala haya yanachunguza dhana ya toleo kama inavyojitokeza katika mijadala ya watu ambao, kwa mtazamo wa kwanza, hawana uhusiano wowote na taaluma ya fasihi: waunganishaji wa magari ya plastiki wa Marekani. Hawa ni watu wazima, wengi wao wenye mvi, wanaonunua seti ya vipande vya plastiki, wakavikata, wakavipiga msasa, wakavipaka rangi na kuvigandisha kwa gundi hadi gari dogo likamilike. Gari halisi lenye urefu wa mita 5 huwa na sentimita 20 tu katika kipimo cha 1/25, kipimo kilichozoeleka mno nchini humo. Kazi yenyewe hufanyika kimyakimya mezani. Mazungumzo yao hayana ukimya huo. Aghalabu huwa juu ya habari mbili: seti zipi zinakuja na zipi zinarudi. Na swali linalowagawanya kuhusu zinazorudi ni moja: je, kinachorudi ni kitu kilekile?

Msomaji anaweza kushangaa suala hili linamhusu nini mwanafunzi wa Kiswahili. Ikumbukwe kwamba mtu anayelinganisha miswada miwili ya utendi mmoja, au anayenunua riwaya kongwe iliyochapishwa upya kwa jalada jipya, hujiuliza swali hilohilo. Tofauti ni kwamba waunganishaji wa magari wamelijadili kwa miaka mingi, kwa ukali na kwa istilahi zao wenyewe, ilhali wasomaji wetu wengi hununua kitabu bila hata kuusoma ukurasa wa haki za uchapishaji.

Kalibu kama matini asilia

Ili mjadala ueleweke, ni sharti kwanza kueleza kitu hiki huzaliwaje. Plastiki ya polistireni huyeyushwa kwa moto, kisha husukumwa kwa shinikizo kubwa ndani ya kalibu ya chuma yenye pande mbili. Ikipoa, kalibu hufunguliwa na vipande hutoka vikiwa vimeshikamana na vijiti vyembamba, mithili ya matunda kwenye matawi. Ndiyo maana waunganishaji huuita mkusanyiko huo mti. Vipande vya kung'aa kama bampa hupakwa utando mwembamba wa chuma ndani ya chumba kisicho na hewa. Boksi, picha ya juu na stika za namba hutengenezwa kando kabisa.

Katika vyote hivyo, kilicho ghali ni kalibu. Boksi laweza kubadilishwa kwa gharama ndogo, stika vilevile, na rangi ya plastiki ni suala la siku moja kiwandani. Kalibu ya chuma, kinyume chake, huchukua muda mrefu na fedha nyingi kuchongwa, lakini ikitunzwa hudumu miongo. Hapa ndipo biashara ya seti zinazorudi inapopata mantiki yake: kampuni iliyorithi kalibu ya mwaka 1965 inaweza kuitumia leo na kuuza gari lilelile kwa wajukuu wa wateja wa kwanza. Lakini kalibu huzeeka. Pande zake zikilegea, plastiki hupenya penye mwanya na kuacha utandu kando ya vipande. Muunganishaji mzoefu huutazama utandu huo kama mhakiki anavyolitazama karatasi la mswada: humweleza umri.

Kalibu zilizoliwa na mwaka uliofuata

Kampuni ya AMT ilianzishwa mwaka 1948 katika jimbo la Michigan, karibu na viwanda vya magari vya Detroit. Awali ilitengeneza magari madogo yaliyokwisha kuunganishwa, ambayo wauzaji wa magari halisi waliyatumia kuwaonyesha wateja umbo na rangi za mwaka mpya. Mwaka 1958 AMT ilianza kuuza magari hayohayo yakiwa vipande, kwa namna ambayo mnunuzi angeweza kuchagua kuunda gari la kawaida, lililorembwa au la mashindano kutoka boksi moja. Washindani wakafuata, wakiwemo Jo-Han wa Detroit na, katika muongo uliofuata, MPC.

Utaratibu wa miaka hiyo una jambo la kusikitisha ambalo ndilo kiini cha mijadala ya leo. Kila msimu wa vuli watengenezaji wa magari wa Marekani walibadilisha sura ya magari yao: taa hapa, bampa pale, ukingo wa nyuma kule. Kampuni za seti zililazimika kufuata. Badala ya kuchonga kalibu mpya kabisa kila mwaka, mara nyingi zilichukua kalibu ya mwaka uliopita na kuichonga upya iwe ya mwaka uliofuata. Kwa hiyo gari la mwaka huu lilizaliwa kwa kulifuta la mwaka jana. Nyingine ziligeuzwa kuwa za magari ya mbio, matundu ya magurudumu ya nyuma yakapanuliwa, na chuma kilichoondolewa hakikurudishwa tena. Hakuna aliyeona hasara wakati huo. Seti zilikuwa vitu vya watoto, na mtoto wa mwaka 1964 hakutaka gari la mwaka 1963.

Hasara ilionekana watoto hao walipozeeka wakitaka kuyapata tena magari ya baba zao. Walikuta kwamba baadhi yake yamebaki tu katika maboksi machache ambayo hayakuwahi kufunguliwa, na kwamba wenye maboksi hayo wana hoja mbili zinazopingana. Wapo wanaoshikilia kwamba seti isiyounganishwa haijatimiza wajibu wake. Ni kama shairi lisilosomwa. Wapo pia wanaoona kwamba kuifungua ni kuiangamiza, kwani ikishapakwa gundi haitakuwa tena ushahidi wa jinsi ilivyotoka kiwandani. Si rahisi kumlaumu yeyote kati yao. Tena mgogoro huu una uzito wa fedha: kampuni inapotangaza kurudisha seti adimu, mwenye boksi la zamani huona thamani yake ikitetereka, huku jirani yake asiyekuwa nalo akishangilia.

Aina za kurudi

Tangazo la kurudi hufasiriwa kwa makini. Kampuni nyingi kongwe hazimo tena mikononi mwa waanzilishi wake. Majina ya AMT na MPC sasa yanamilikiwa na Round 2 ya South Bend, Indiana. Revell na Monogram, zilizokuwa mahasimu, ziliunganishwa mwaka 1986; zikaingia chini ya Hobbico mwaka 2007; Hobbico ikafilisika mwaka 2018, na Revell ikachukuliwa na wawekezaji wa Ujerumani, huku sehemu ya kalibu zikinunuliwa na Atlantis ya jimbo la New York. Kwa sababu hiyo kujua jina lililo kwenye boksi hakutoshi. Muunganishaji hutaka kujua chuma kilichomo nyuma ya jina hilo kilitoka wapi.

Zipo seti zinazorudi jinsi zilivyokuwa, boksi tu likiwa jipya. Zipo zilizorekebishwa kwa kuongezewa vipande, kwa mfano tairi bora au stika zilizochapishwa kwa ustadi zaidi. Na ipo aina ya tatu, ambayo imezidi kujitokeza katika miaka ya karibuni na ndiyo yenye utata zaidi. Pale ambapo kalibu ya bodi ilishaharibiwa kwa kuchongwa upya, kampuni hutafuta seti ya awali, huipima kwa skana na kuchonga kalibu mpya inayoiga ile iliyopotea. Boksi hupewa picha ileile ya miaka ya 1960. Mtoto wa zamani hulifungua na kukiona alichokipoteza. Lakini kalibu iliyomtolea si ile.

Wengine huona hapo hakuna tatizo. Umbo likiwa sawa, jambo limekwisha. Wengine hudai kwamba kosa lililokuwamo katika kalibu ya kwanza, tuseme paa lililoinama kupita kiasi, linapoigwa kwa uaminifu ni upuuzi, kwa kuwa teknolojia ya leo ingeweza kulisahihisha kwa kulipima gari halisi. Kundi hili la mwisho hutaniwa na wenzao kuwa ni wahesabu ribiti. Hata hivyo, swali lao ni la msingi, na kila anayehariri matini kongwe amekabiliana nalo: je, mhariri arejeshe alichokiandika mtunzi pamoja na makosa yake, au arejeshe alichokusudia?

Kuna pia marejeo yanayopunguza. Baadhi ya magari ya mbio za Formula 1 ya miaka ya 1970 yalibeba matangazo ya sigara, na kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, inapoyatoa tena huacha majina ya sigara katika stika. Vilevile mwezi Juni 2015, baada ya mauaji ya waumini katika kanisa la Charleston, kampuni ya Warner Bros. ilitangaza kwamba haitatoa tena leseni ya bidhaa za gari la mchezo wa televisheni wa The Dukes of Hazzard zenye bendera ya majimbo yaliyojitenga. Mambo haya mawili hayalingani. La kwanza ni la sheria za matangazo. La pili linagusa historia ya utumwa, na ni vigumu kumhurumia sana anayelalamika kwamba paa la gari lake limebaki tupu.

Visasili vya kiwandani

Palipo na pengo la kumbukumbu, masimulizi hulijaza. Mwaka 1977 Monogram ilinunua kalibu za kampuni ya Aurora ya New York. Husimuliwa kwamba zilipokuwa zikisafirishwa kwenda Illinois garimoshi lilipata ajali na kalibu nyingi zikaharibika. Kisa hiki kimeenea miongoni mwa waunganishaji kiasi kwamba seti yoyote ya Aurora isiyorudi hudaiwa kuwa ilikuwamo ndani ya behewa lile. Wapo wanaokitia chumvi na wapo wanaokishuku. Kwa mtafiti wa fasihi simulizi, cha kuvutia ni kazi inayofanywa na kisa: kinatoa sababu moja, tena ya ghafla, kwa hasara ambayo kwa kawaida hutokana na mambo ya polepole kama kutu, uzembe na kuuzwa kwa chuma chakavu.

Istilahi

Kiswahili hutumia neno toleo kwa mapana mno. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 2004 ni toleo la pili la ile ya mwaka 1981, kwa maana kwamba yaliyomo yalirekebishwa. Ila muuzaji vitabu hulitumia neno hilohilo kwa nakala zilizopigwa chapa tena bila kubadilishwa hata nukta. Mjadala wa waunganishaji unaonyesha haja ya kutenganisha. Makala haya yanapendekeza chapa mpya kwa kinachotoka katika kalibu ileile, toleo lililorekebishwa kwa kilichoongezewa au kupunguziwa, na toleo lililoigwa kwa kinachotoka katika kalibu iliyochongwa kwa kufuata nakala. Pendekezo la tatu ndilo linalohitaji kujadiliwa zaidi, kwani neno kuiga lina harufu ya udanganyifu ambayo si lazima iwepo.

Asili na mfano

Hata uhusiano wa gari dogo na gari kubwa si wa upande mmoja. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Monogram ilitoa seti iitwayo Red Baron, iliyobuniwa na Tom Daniel: gari la kimzaha lenye paa la umbo la kofia ya chuma ya askari wa Ujerumani na injini ya ndege. Gari halisi halikuwapo. Lilijengwa baadaye kwa kufuata seti, likawekewa injini ya Pontiac yenye silinda sita. Hapo mfano ndio ulikuwa matini asilia.

Hali tofauti ni ya Chrysler Turbine. Kati ya mwaka 1963 na 1966, Chrysler iliwaazima raia wa kawaida magari yenye injini ya tabo, bodi zake zikiwa zimeundwa na Ghia ya Italia. Yalijengwa 55 kwa jumla, pamoja na ya majaribio. Jaribio lilipokwisha, 46 yaliharibiwa na 9 yakabaki, mengi yakiwa mikononi mwa majumba ya makumbusho. Lakini Jo-Han walikuwa wamekwisha kulitengenezea seti ya 1/25, yenye injini hiyo ya ajabu chini ya boneti, na waliitoa tena baada ya magari yenyewe kupondwa. Kampuni ya Jo-Han nayo haipo tena. Wenye seti hiyo bado wanabishana iwapo inafaa kufunguliwa.