Safari ya Ghafula Kwenda Busia

Mji unaoujua sana waweza kukutia hasara kuliko mji mgeni, kwa kuwa hapo huulizi. Busia ni mji wa nchi mbili, Uganda na Kenya. Sisi wa upande wa Uganda huuona kama uwanja wa nyumbani.

Muhula uliopita mama alipata habari jioni kwamba mnunuzi wa upande wa Kenya ataka magunia sita ya maharagwe kabla ya saa nne asubuhi. Hayo ndiyo yaliyokuwa karo yangu. Akanituma mimi.

Usiku ule tulipima kila gunia, tukaandika uzito. Tukaandika bei kwa shilingi za nchi zote mbili, maana jina ni moja lakini thamani si moja. Mpakani nikaomba cheti rahisi cha asili ya bidhaa: mzigo uliozalishwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, usiozidi dola 2,000, haulipiwi ushuru wa forodha.

Mnunuzi alidai magunia mawili yamepungua. Nikafungua daftari, mzani wake mwenyewe ukakubaliana nalo. Akalipa yote.

Ndugu zangu, safari ikiwa ya haraka, hesabu isiwe ya haraka. Mali bila daftari hupotea bila habari.