Kagua Masikio ya Ndama Kila Jioni



Ndigana kali, ambayo Wamaasai huiita oltikana, huletwa na kupe wa kahawia anayependa kukaa masikioni. Kupe huyu hazaliwi na ugonjwa. Huupata kwa kunyonya damu ya mnyama mwenye vimelea, kisha hudondoka, hukua majanini na kupanda mnyama mwingine.

Jambo la kukumbuka ni hili: akishang'ata, haambukizi papo hapo. Vimelea huhitaji siku tatu hivi kukomaa kwenye mate yake. Ukimtoa mapema, unamwokoa ndama. Basi kila jioni, ndama wakirudi zizini, tazama ndani ya masikio, chini ya mkia na mapajani. Watoto wanaochunga ndama wafundishwe kazi hii.

Kwa nini Kidodi tuwe waangalifu zaidi?

Nyati hubeba vimelea vya ndigana bila kuugua. Ng'ombe aking'atwa na kupe aliyetoka kwa nyati, anaweza kufa upesi. Wanaolisha karibu na mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi wako kwenye hatari hiyo. Chanjo ya ndigana kali ipo, hutolewa mara moja tu, nayo inasaidia sana. Lakini haizuii vizuri vimelea vya nyati, wala haikingi ndigana baridi na mkojo mwekundu. Kwa hiyo hata aliyechanjwa aogeshwe.

Kuogesha

1. Ogesha kila wiki, hasa masika. Kukagua kwa mkono hakuchukui nafasi ya josho, kwa kuwa kupe wachanga ni wadogo mno.
2. Nywesha ng'ombe maji kwanza, wasije wakanywa dawa.
3. Pima dawa kama kibandiko kinavyoelekeza. Ikiwa hafifu, kupe huizoea; ikizidi, hudhuru mnyama.
4. Ukitumia bomba, nyunyizia pia ndani ya masikio na chini ya mkia.
5. Usiogeshe mvua inaponyesha.

Dalili za ndigana kali

Tezi chini ya sikio huvimba, mwili huwa wa moto, mnyama huacha kula, hupumua kwa shida na mwisho hutoa povu puani. Ukiona tezi tu, mwite mtaalamu wa mifugo siku hiyohiyo. Sindano ya oksitetrasaiklini tuliyoizoea hutibu ndigana baridi. Haiponyi ndigana kali iliyokwisha kuanza. Dawa yake ni nyingine, na hufanya kazi ikiwahi.

Ukiumwa wewe

Mshike kupe karibu kabisa na ngozi kwa kibanio, au kwa vidole vilivyofunikwa na plastiki, umvute polepole moja kwa moja. Usimchome kwa moto, usimpake mafuta ya taa, wala usimpasue kwa kucha, maana damu yake inaweza kuwa na ugonjwa. Nawa kwa sabuni. Ukipata homa siku zinazofuata, nenda zahanati na useme wazi kwamba uling'atwa na kupe, ili usidhaniwe una malaria peke yake.

Papasi, jamaa ya kupe, hujificha kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo na huuma usiku. Huleta homa inayokwenda na kurudi. Ziba nyufa hizo, na ulale kitandani badala ya sakafuni.

Anza jioni ya leo, na ndama mdogo kuliko wote.