Flashi kwenye kompyuta ya kamati: nani aichomeke?

Orodha ya familia zilizokimbilia Baraka ina majina, vijiji na idadi ya watoto. Katika wilaya yetu ya Fizi, jina na kijiji vyatosha kuonyesha kabila la mtu. Orodha hiyo ikinakiliwa kwenye flashi ya mpita njia, hakuna wa kuirudisha.

Flashi huleta virusi pia. Conficker, kirusi kilichojitokeza mwaka 2008, kilienea kwa mtandao na kwa flashi. Mwaka huohuo jeshi la Marekani lilizipiga marufuku kwa muda.

Katika Windows, fundi hufungua rejista, sehemu ya USBSTOR, akabadili Start kutoka 3 kuwa 4. Kipanya na kibodi huendelea kufanya kazi, ila flashi haisomwi. Lakini anayechapa kila siku asipewe akaunti ya msimamizi, maana atairudisha 3 mwenyewe. Tena simu iliyounganishwa kwa waya kwa kawaida hupita njia nyingine, USBSTOR haiizuii. Hapo ni macho ya watu tu.

Kufunga moja kwa moja hatukushauri, kwa sababu orodha lazima iwafikie wagawaji wa msaada. Iwepo flashi moja ya kamati, yenye neno la siri, na daftari la kusainia kila inapotoka.

Neno la siri la msimamizi tunapendelea ligawanywe nusu kwa nusu: Mbembe nusu, Munyamulenge au Mfuliiru nusu. Jadilini: kwenu nani wangeaminiwa na pande zote?