Umbali wa Nyota za Msalaba wa Kusini

Baadhi ya vitabu vya falaki vilivyoandikwa Ulaya humwanzisha msomaji kwa kuitafuta Nyota ya Kaskazini. Mwanafunzi wa Mpuguso, wilayani Rungwe, ataitafuta bure: yeye yupo digrii 9 hivi kusini mwa Ikweta, na kwake nyota hiyo haichomozi kamwe. Ni afadhali aupe mgongo Mlima Rungwe, saa mbili usiku katikati ya Juni, mbingu ikiwa haina mawingu, atazame upande wa Kyela. Ataona Msalaba wa Kusini umesimama wima, na kushoto kwake nyota mbili kali. Ile iliyo mbali zaidi na Msalaba ndiyo Alfa Sentauri.

Je, nyota nne za Msalaba ni majirani? Macho hutudanganya. Ile ya juu, yenye wekundu, iko umbali wa miaka ya nuru 89. Ya kushoto 280 hivi, ya chini 320, ya kulia 345. (Mwaka mmoja wa nuru ni kilomita milioni milioni 9.46.) Basi ile nyekundu iko karibu nasi kuliko ilivyo karibu na wenziwe! Kundinyota ni jina la upande wa anga tu.

Umbali huo hupimwaje? Tazama mgomba ulio karibu kwa jicho moja, kisha kwa jingine: utaonekana umehama mbele ya mlima. Mwanafalaki, badala ya macho mawili, hutumia pande mbili za njia ya Dunia kulizunguka Jua, zilizoachana kilomita milioni 300. Hupima, akangoja miezi sita, akapima tena. Nusu ya pembe ya kuhama huitwa paralaksi. Ikiwa sekunde 1, yaani sehemu ya 3,600 ya digrii, nyota iko miaka ya nuru 3.26. Paralaksi ya Alfa Sentauri ni sekunde 0.75; gawanya 3.26 kwa 0.75, upate 4.35.

Thomas Henderson aliipima nyota hiyo kutoka Rasi ya Tumaini Jema mnamo 1832 na 1833, lakini alitangaza mwaka 1839, Friedrich Bessel akiwa amekwisha kumtangulia kwa nyota nyingine mwaka 1838. Pembe ndogo zaidi zilisumbua, kwa kuwa hewa huitikisa nuru. Setilaiti ya Hipparcos, iliyorushwa na nchi za Ulaya mwaka 1989, ilizipima juu ya hewa.

Zoezi: paralaksi ya nyota ya chini ya Msalaba ni takriban sekunde 0.010. Tafuta umbali wake, ulinganishe na tarakimu iliyotajwa hapo juu.