Kufundisha Ufutaji wa Funguo za Rejista kwa Programu

Mwalimu atunzaye kompyuta ya shule hana budi kuifahamu rejista ya Windows kabla hajawaonyesha wanafunzi jinsi programu inavyofuta kitu humo. Rejista ni daftari ambamo mfumo endeshi huweka mipangilio yake. Imepangwa kama mti: ufunguo mmoja hubeba funguo ndogo, nazo hubeba nyingine.

Ugumu uko katika utaratibu. Katika Windows 95 amri ya RegDeleteKey ilifuta ufunguo pamoja na watoto wake wote. Katika Windows NT na matoleo yaliyoirithi, amri hiyo hiyo hukataa kufuta ufunguo wenye watoto. Programu yapaswa kushuka hadi nchani, ifute huko, kisha ipande. Ni kweli kwamba tangu Windows Vista ipo RegDeleteTree, ifutayo tawi zima kwa mara moja. Lakini mwanafunzi asianze nayo, maana humficha kazi inayofanyika.

Somo lianze bila mashine. Hapa Matema zana iko karibu: vyungu vya Wakisi wa Ikombe. Mwalimu apange vitatu, kidogo ndani ya kikubwa, kisha amwambie mwanafunzi aondoe kile cha nje huku vya ndani vikibaki mahali pake. Atashindwa, na darasa litasema lenyewe kipi kitangulie. (Vyungu vya kuazima virudishwe vizima, mama wa gulioni hasahau.)

Kosa la pili halionekani kwenye vyungu. Wasimamishe watoto watano mstarini, wenye namba 0 hadi 4. Mwondoe wa 0, wengine wasogee na kuhesabiwa upya, kisha mwite wa 1. Aliyekuwa wa pili ameshika nafasi ya 0, naye ameachwa! Ndivyo inavyoruka funguo programu ihesabuyo kwenda mbele huku ikifuta. Dawa yake ni kuondoa wa 0 kila mara, au kuanzia mwisho wa mstari.

Mashine ifunguliwe baada ya hayo tu. Rejista haina kapu la taka: ufunguo uliofutwa haurudi wenyewe, na ukiwa wa mfumo, kompyuta yaweza kukataa kuwaka. Shule yenye mashine moja huwa imepoteza somo zima. Basi nakala itolewe kwanza kwa amri ya reg export, na wanafunzi wafute tu ufunguo waliouunda wenyewe chini ya HKEY_CURRENT_USER, mwalimu akiwa amesimama nyuma yao.