Kamusi ya Krapf: Lipi la Kushika na Lipi la Kuacha?

Katika darsa yetu hapa Kitui, ndugu mmoja alileta nakala ya kamusi ya Kiswahili ya Dakta Johann Ludwig Krapf, iliyopigwa chapa London mwaka 1882, akauliza: Je, yafaa kujifunza lugha kwa kitabu cha mtu aliyeupinga Uislamu? Wako waliosema kifungwe kiwekwe mbali. Sisi twaona jambo hili lataka kupimwa, si kujibiwa kwa ghadhabu.

Krapf si mgeni wa nchi hii. Alikuja Ukambani kutoka Rabai, akapokewa na Kivoi, tajiri wa pembe, na tarehe 3 Desemba 1849, akiwa hapa Kitui, akauona ule mlima wenye theluji ambao jina lake ndilo jina la nchi yetu. Baadhi ya wanajiografia wa Ulaya walimkadhibisha. Mwaka 1850 alitoa sarufi ya kwanza ya Kiswahili, na mwaka huo huo Injili ya Marko kwa Kikamba. Sikio kama lile ni adimu.

Lakini katika sarufi ile ile alishauri Kiswahili kiandikwe kwa herufi za Kirumi. Na moja katika hoja zake ni kuwa herufi za Kiarabu zingewafungulia Waislamu mlango wa kuwafikia watu wa bara. Watu wa bara ndio sisi! Wamisionari waliomfuatia, na serikali za kikoloni baada yao, walikwenda njia hiyo, na leo vijana wengi wa pwani hawawezi kusoma barua za babu zao.

Basi asemaye kwamba rai ya mtu ni mbali na elimu yake ni mbali, amesema nusu. Katika hati, rai iliingia ndani ya kazi yenyewe.

Ama maneno, hayo si mali ya Krapf. Aliyapokea vinywani mwa watu wa Mombasa, wengi wao Waislamu. Hata tafsiri yake ya kitabu cha Mwanzo, aliyoianza mwaka 1844, alisaidiwa na kadhi. Na ajabu ni hii: yeye ndiye aliyepeleka Ujerumani nakala ya Chuo cha Herkali, utenzi wa vita vya Waislamu na Warumi, ikahifadhiwa huko Halle. Sisi wenyewe tumewaachia mchwa vyuo vingapi?

Aya ya 8 ya Suratul Maida yatukataza chuki isitutoe katika uadilifu. Kuificha kazi yake ni dhulma. Kuwaficha wanafunzi ushauri wake ni dhulma pia.

Kwa hiyo kamusi itabaki darsani. Somo la kwanza litakuwa habari ya zile herufi, kisha ndipo tuingie katika maneno. Ndugu zetu watakaotoka Makueni na waje na madaftari. Tutaanzia herufi A.