Joto la Mwili na Safari ya Oksijeni: Kwa Nini Kichanga Hapaswi Kupoa

Mmenyuko wa kikemia unaoweza kwenda mbele na kurudi nyuma hufikia hali ya msawazo pale kasi ya pande zote mbili inapolingana. Mwaka 1884, mwanakemia Mfaransa Henry Le Chatelier alieleza kwamba msawazo ukivurugwa, husogea upande unaopunguza mvurugo huo. Kwa hiyo joto likiongezeka, msawazo huelekea upande unaofyonza joto. Likipungua, huelekea upande unaolitoa.

Msawazo wa namna hii umo ndani ya damu. Himoglobini, protini ya seli nyekundu, huungana na oksijeni mapafuni na kuiachia katika tishu. Kuungana huko hutoa joto, na kuachana hulifyonza. Katika nyuzi joto 37, nusu ya himoglobini ya mtu mzima huwa imebeba oksijeni shinikizo la gesi hiyo linapofikia takriban milimita 27 za zebaki. Mwili ukichemka, kiwango hicho hupanda: himoglobini huiachia oksijeni kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana msuli unaofanya kazi, ambao huwa na joto, hupata oksijeni zaidi. Hata hivyo, homa huongeza pia mahitaji ya oksijeni, hivyo mgonjwa wa nimonia mwenye homa kali anahitaji uangalizi wa karibu.

Mwili ukipoa, mambo hugeuka. Himoglobini huishikilia oksijeni na kuipitisha kwenye tishu bila kuiachia ipasavyo. Kichanga yumo hatarini zaidi, kwa kuwa himoglobini aliyozaliwa nayo kwa asili huishika oksijeni kwa nguvu kuliko ya mtu mzima. Isitoshe, ili kujipasha joto huchoma mafuta ya kahawia, kazi inayotumia oksijeni nyingi. Mahitaji yanapanda huku ugavi ukizuiwa.

Hapa pana mtego. Kichanga aliyepoa sana aweza kuwa na uso mwekundu, akadhaniwa mzima, kumbe wekundu huo ni wa oksijeni isiyoachiwa. Vilevile, kipimo cha oksijeni mwilini huonyesha kiasi kilichobebwa na damu, si kiasi kilichofika kwenye tishu. Basi tusiridhike na rangi wala kipimo hicho pekee, tutumie kipimajoto.

Joto la kawaida la kichanga ni nyuzi 36.5 hadi 37.5. Mara azaliwapo akaushwe, alazwe kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, avikwe kofia, wafunikwe wote wawili, na anyonyeshwe ndani ya saa ya kwanza. Kuogeshwa kusubiri hadi saa 24 zipite.

Mzazi naye aguse nyayo na tumbo la mtoto. Nyayo zikiwa baridi na tumbo lina joto, ampashe joto mara moja. Vyote vikiwa baridi, ampeleke kituo cha afya bila kuchelewa, akiwa amembeba kifuani, ngozi kwa ngozi, njia nzima.